Ute wa Yai na Mguu wa Mama Yako

Nasimiyu wangu,

Sianzi na salamu. Uko chumba cha pili, nasikia ukifunga na kufungua zipu ya hilo sanduku, na kumwandikia salamu mtu aliye hatua nane kutoka nilipokaa ni ujinga. Tena siandiki habari za sweta, wala mafuta ya kujipaka, wala dagaa wa omena. Hayo umeambiwa kutwa nzima na wale akina mama wa kanisa waliokuja kukuaga, na kati yao hakuna hata mmoja aliyewahi kufika mbali kuliko Nakuru bila kutapika njiani. Mmoja amekuonya usile nyama ya Uholanzi kama hujamjua mnyama. Mwingine amekuambia ukipata mchumba wa huko umwangalie kwanza mama yake, kana kwamba yeye mwenyewe aliangalia chochote alipoolewa. Wamekunywa chai yangu, wamemaliza trei mbili za mayai ya kuchemsha, wameenda. Wa kushauri hawakosekani. Wa kuosha vikombe ndio hukosekana.

Nakuandikia kwa sababu moja. Jumapili ulivuta kiti ukakaa mbele yangu ukasema, "Mama, sipandi ndege mpaka uniambie kama utakubali wakate huo mguu ama hutakubali. Na usinijibu kwa mzaha. Ukishindwa kusema, andika." Kisha ukaenda kulisha kuku, hukungoja hata nipumue. Nilikasirika sana. Halafu nikafurahi, kwa sababu ile sauti naijua, ni yangu. Baba yako hakuwa na sauti. Alikuwa na kikohozi cha kusafisha koo, halafu akaondoka na kazi ya barabara kwenda Lodwar, akasahau kwamba barabara hurudi pia.

Kwa hivyo jibu utapata. Lakini nitalifikia kwa mwendo wangu, na wewe utasoma mpaka chini, usiruke. Najua unavyoruka.

Wanakuona wewe ndiye wa kwanza kwenda Uholanzi. Waambie wanyamaze. Mikono yangu ilifika huko kabla hujazaliwa. Nilipotoka kwetu Bungoma kuja Thika sikuwa na kitu isipokuwa cheti cha darasa la nane na kiburi, nikaandikwa kwenye shamba la waridi huko upande wa Ruiru. Miaka minne nilikata waridi, nikapanga kwa urefu, nikafunga kwa karatasi, zikapelekwa kwa ndege usiku huohuo kwenda Uholanzi kwa watu wanaonunua maua ambayo hayaliwi. Hakuna aliyekata waridi nyoofu kama mimi. Msimamizi alikuwa akiwaleta wageni wanitazame. Nikaacha kwa sababu nilichoka kuangaliwa na mtu asiyejua hata jina langu, nikanunua kuku kumi na mmoja na jogoo mmoja mvivu, nikahamia hapa Gatuanyaga, mahali ambapo hata vumbi lina vumbi. Walinicheka. Leo wale waliocheka wanapiga foleni kwangu kuagiza vifaranga vya siku moja, na wanaagiza kwa adabu.

Unakumbuka yai lako la kwanza? Ulikuwa na miaka saba. Mashine ya kuangulia vifaranga ilikuwa na siku nne tangu nipakie mayai, nikakuita, nikafunga dirisha kwa gunia, nikaweka yai juu ya tochi. Ukaona ile mishipa myekundu imetandaa kama miguu ya buibui, na katikati kidoti kinachorukaruka. Watoto wengine husema lo. Wewe ukauliza, "Jana haikuwa hapo. Imetoka wapi?" Nikakuambia imetoka kwa Mungu. Ukaniangalia kama vile nimekuuzia yai viza. Tangu siku hiyo sikulala kwa maswali yako, na mwalimu wako wa sayansi pale shule ya msingi, yule mwenye suruali fupi, alikuja hapa kulalamika kwamba unamwaibisha mbele ya darasa. Nikamuuliza kama angependa nikupunguze akili kwa panga. Hakurudi.

Ulipokuja likizo kutoka chuo ndipo ukanijibu swali lako lile lile kisomi. Tulikuwa tunapakia mashine, mimi nikifuta mayai, wewe ukipanga, upande mwembamba chini. Ukasema mwanzo kabisa kifaranga si kifaranga, ni kipande cha utando kimelala juu ya kiini, chembamba kuliko karatasi ya waridi, na ule utando ni seli zimeshikana mikono. Zile za ukingoni zinatambaa juu ya kiini, zinavuta za nyuma yao, mpaka zikifunike chote. Za katikati zinafanya kama mfereji, zinaachana mikono, zinazama chini, zinakwenda mahali pengine, zinashikana upya. Waliozama huko ndio moyo, ndio nyama, ndio utumbo. Wanaobaki juu ndio ngozi. "Hakuna mtu anayewajenga, Mama. Wanatembea wenyewe mpaka kila mmoja afike kwake."

Nilikuambia basi wana akili kushinda watu wa kaunti. Ukacheka mpaka ukavunja yai. Lakini niliyashika hayo maneno. Usidhani kwa sababu niliishia darasa la nane sishiki. Kila siku ya ishirini na moja nikitoa vifaranga nawageuza tumbo juu kuangalia kitovu, na yule ambaye kitovu chake hakijaziba namtenga, kwa sababu atakufa kabla ya wiki. Nimefanya hivyo miaka yote bila kujua kwamba naangalia kazi ya hao watembezi wako: wale waliofika na wale walioishia njiani. Kazi nilijua. Jina ndilo sikujua. Na wako wengi huko unakokwenda wanaojua jina peke yake, kwa hivyo usiogope mtu.

Sasa nakuja kwa mguu.

Ulikuwa na miaka mitano. Nilikuwa nikiwalea vifaranga mia mbili kwenye kile chumba cha mabati, na joto lao lilikuwa jiko la makaa chini ya chungu kilichotobolewa. Niliingia na vinyweshea viwili vya maji, kimoja kila mkono, kwa sababu mama yako hakuwahi kubeba kimoja kama mikono iko miwili. Nikakanyaga maranda yaliyorundikana, nikaegemea jiko, likapinduka. Makaa yakanimwagikia kwenye muundi mpaka kifundoni, na maranda yakashika moto. Mtu mwenye akili angetoka. Mimi niliukanyaga ule moto kwa mguu uleule uliokuwa unaungua mpaka ukazima, kisha nikawatoa vifaranga kwa boksi, boksi baada ya boksi. Walikufa kumi na mmoja tu, na hao ni kwa moshi. Hadithi hiyo nimeisimulia hapa Gatuanyaga mpaka watu wanaijua kama Baba Yetu. Ile ambayo sijawahi kuisimulia ni ya siku zilizofuata.

Sikwenda hospitali. Hospitali ni ya watu wasio na mayai, ndivyo nilivyosema, kwa sauti, jirani wakisikia. Nilivunja yai, nikachukua ule ute mweupe, nikapaka juu ya kidonda. Ukakauka ukawa kama kioo. Kesho yake nikabandua kioo chote, nikapaka mwingine. Kila siku. Nilipobandua kilikuwa kinatoka na kitu chembamba cheupe chini yake, na mimi nikafurahi, nikasema huo ni uchafu unatoka. Nilifanya hivyo wiki sita. Tena nikawa fundi: mtu akiungua na uji, nilimpelekea mayai. Niliifundisha Gatuanyaga nzima.

Kidonda kikaziba kwa juu, ngozi yake nyembamba, inang'aa, haina nywele, inavuta. Mwaka mmoja baadaye kikafunguka pale kifundoni. Nikapaka ute. Kikaziba. Kikafunguka. Hivyo, miaka kumi na tisa. Wakati mwingine nilikikausha kwa jua, nikakaa nyuma ya nyumba na mguu umenyooshwa kama mtu anayeanika mahindi. Yule mwanamume wa kuuza unga wa mizizi pale sokoni Thika aliniuzia unga wa kijani, akasema utavuta sumu. Ulichovuta ni nzi. Nikarudi kwa ute wangu, na nikamdharau yeye, kana kwamba mimi na yeye hatukuwa wapumbavu wa kabila moja.

Na nilificha. Soksi ndefu, rinda refu, hata Krismasi tukienda kwetu na joto lile. Unafikiri nilificha kwa sababu ya aibu ya kidonda? Hapana. Nilificha kwa sababu nilikuwa nimeshasema kwamba nilijiponya. Mtu aliyejisifu mbele ya watu mia mbili hawezi kuvua soksi.

Ulikuwa kidato cha pili uliponiuliza. Walikuwa hapa haohao akina mama wa kanisa, unakumbuka, siku ya kuandaa harusi ya binti wa mhubiri. Ulikuja pole pole ukaniambia sikioni kwamba mwalimu wenu wa bayolojia amesema kidonda kisichopona muda mrefu kinafaa kuonekana na daktari, na ungetaka kukiona. Mimi nikaongea kwa sauti ili wote wasikie: "Huyu hata yai hajui kukaanga bila kuvunja kiini, ananifundisha ngozi." Wakacheka. Ulicheka pia, kidogo, halafu ukachukua trei ukatoka nje. Hukuuliza tena miaka tisa.

Nimefanya makosa mengine, Nasimiyu. Nimemuamini baba yako, nimenunua mashine ya mtumba isiyo na feni. Lakini nikihesabu, lile la siku hiyo ndilo ninaloliona nikifumba macho. Ulikuwa umekuja na dawa mkononi, nikakugonga mkono kwa ajili ya kicheko cha watu ninaowadharau. Hebu fikiria. Watu ambao leo nimekuambia hawajafika popote. Nilikuuza kwao kwa bei ya kicheko.

Mwaka huu ndipo ukaacha kuomba ruhusa. Ulifika, ukasikia harufu, ukafunga mlango, ukanivua soksi kama mtoto. Ukingo wa kidonda ulikuwa umejikunja juu kama ukingo wa chapati iliyochelewa kugeuzwa. Ulikaa chini sakafuni ukiwa umeshika kisigino changu, na ndipo nilipoogopa.

Unaona, ni siku ileile jioni ndiyo ulinieleza yale ambayo mpaka leo yananiudhi. Ulisema kidonda hakizibwi kutoka juu kama chungu. Kinazibwa kutoka ukingoni. Zile seli za utando, watembezi walewale wa kwenye yai, huamka, hujilaza, hutoa mguu mbele, huvuta wenzao, na kutambaa kuelekea katikati, upande huu na upande ule, mpaka wakutane. Wakigusana, husimama. Ndiyo ngozi hiyo. Lakini hawatembei juu ya kitu kikavu. Wanataka unyevu. Gamba likikauka juu yao, inabidi wachimbe njia chini yake, na akija mtu akabandua gamba, anawang'oa wao pia. Kile kitu cheupe chembamba nilichokuwa nabandua wiki sita nikisema ni uchafu, kilikuwa ngozi yangu mpya. Ilikuwa inakuja nyumbani, na mimi nilikuwa nasimama mlangoni na rungu.

Wacha nikuambie kwa nini hilo liliniuma kuliko kansa yenyewe. Kundi langu la kwanza kwenye mashine lilikufa ndani ya maganda, yai baada ya yai. Nilivunja nikakuta vifaranga wazima, wana manyoya, wana kila kitu, utando umewakaukia mwilini kama karatasi ya gundi, wameshindwa kugeuka. Sikuwa nimeweka maji. Nililia siku hiyo, na sijawahi tena kukosea. Siku ya kumi na nane, beseni la maji linaingia kwenye mashine. Nimewafundisha watu kutoka Theta mpaka Matuu: utando ukikauka, kiumbe hakitoki. Mimi, bingwa wa maji. Mimi, ambaye nikipita karibu na mashine kavu nasikia kiu. Nilikuwa naweka beseni kwa kuku, halafu naketi kando yake kukausha mguu wangu.

Kama ningesikia mwanamke mwingine amefanya hivyo, ningemcheka mpaka Mugutha wasikie.

Kisha hospitali, kile kinyama walichokata wakapeleka kupima, na yale majibu. Ukanieleza ukiwa umenishika mkono, ukitafuta maneno mepesi, na mimi nikajifanya sielewi ili urudie. Seli zilizoitwa zitembee kila siku kwa miaka kumi na tisa, hazikuachwa zipumzike hata siku moja, baadhi zimepotoka. Zikigusana na wenzao hazisimami. Zimeachana mikono, zimetoboa sakafu ya ngozi, zinashuka chini. Ukasema ni ile kazi ya kwenye yai, imefanywa mahali si pake na wakati si wake. Na zikipata njia zitapanda mpaka kwenye mitoki, zile tezi za juu ya paja, na kutoka hapo mwili wote ni wao.

Nakuambia nilizidharau. Nilitarajia kansa ni kitu kikubwa, jini, mnyama. Kumbe ni kama yule jirani wa shangazi yako Robai kule Mugutha, aliyenunua kiploti cha kujikuna mgongo, akaanza kusogeza bikoni za mpaka, leo hatua moja, kesho hatua moja, mpaka ghorofa yake ikawa inachungulia kwenye sufuria ya mwenzake. Hana nguvu. Hana haki. Ana kusogea tu.

Yule daktari kijana nilimdharau pia, na hilo silijutii sana. Mguu ni wangu, yeye akakuongelesha wewe, tena kwa Kizungu, dakika kumi, nikawa kama gunia lililoletwa kupimwa. Aliposema kwa Kiswahili, alisema neno moja, chini ya goti, na akaonyesha kwa makali ya kiganja. Nikasimama. Nikamwambia mguu huu umelipa karo ya shule ambazo yeye asingeingia, nikatoka mpaka getini. Ulinikimbilia ukilia. Hayo unayajua.

Haya yanayofuata huyajui.

Jumatatu, siku moja baada ya wewe kunipa ile amri yako, nilikuambia napeleka vifaranga Thika. Nilipeleka, ndiyo. Kisha nikaenda kwa yule kijana peke yangu. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa nane. Nilipoingia nikamwambia, "Leo mtoto wangu hayupo. Utaniambia mimi, kwa Kiswahili, na utachora." Akacheka kidogo, akageuza karatasi. Akachora ngozi, akachora kidonda, akachora seli. Nikamwambia seli zake zinafanana na maharagwe, binti yangu huchora vizuri zaidi. Akasema pole, mama. Hakukasirika. Hapo nikampa alama moja.

Akaninyoosha kitandani, akabonyeza mapajani kwenye mitoki, polepole, kila upande, akarudia. Hakuna kilichovimba. Picha walizopiga nazo hazikuonyesha kitu huko juu. "Bado hazijasafiri," akasema. "Ziko hapa chini, lakini zimeshafika kwenye mfupa." Nikamuuliza kwa nini asikwangue kidonda na huo mfupa, aniachie mguu. Mguu wote haujaoza. Nyama nzuri iko pale, naiona.

Akasema, "Mama, hiyo inayoonekana nzuri pembeni ndiyo ninayoiogopa."

Hapo nikakumbuka kuku wangu. Hukumbuki mwaka ule wa ugonjwa, ulikuwa bweni. Kuku walianza kupinda shingo kwenye banda la pili. Bwana mifugo akaja akasema ua banda lote, wazima kwa wagonjwa, choma. Niliua. Lakini wako mitetea sita waliokuwa kona ya mbali, wekundu, wanataga kila siku, macho maangavu. Nikasema bwana mifugo ni mtu wa karatasi tu. Nikawahamisha hao sita kwenye banda la kwanza. Wiki haikuisha. Nilizika kuku mia nne kwa sababu ya sita wazuri. Watu niliwaambia ugonjwa uliletwa na upepo. Wewe ndiye wa kwanza kujua.

Kwa hivyo nilipolala pale kwenye kile kitanda chao kigumu, nikiangalia kifundo changu na nyama yake nzuri, nilijua naangalia nini. Yule kijana hakuhitaji kunifundisha. Alikuwa ananikumbusha.

Nikaomba kalamu. Nikatia sahihi, ile yangu ndefu yenye mkia. Ni Jumatatu ijayo, na wewe utakuwa darasani.

Unaona sasa? Jibu ni ndiyo. Lilikuwa ndiyo tangu Jumatatu, na nimekuacha unifungie mlango kwa nguvu siku mbili kwa sababu lilikuwa limebaki jambo moja, gumu kuliko mguu.

Mtu akikatwa, lazima kuwe na mtu wodini. Wa kuleta uji, wa kugombana na wauguzi, wa kuandika namba yake kwenye fomu. Karatasi ilikuwa na mahali pa jina lake, nikaacha wazi, nikaja nayo nyumbani. Wewe hutakuwepo, na nikisema sina mtu utabaki, nakujua. Dada zangu wako Bungoma na magonjwa yao. Hawa akina mama wa kanisa wangekuja mara moja, na picha wangepiga. Nikatafuta kichwani mtu asiyenionea huruma hata kidogo, nikapata mmoja tu.

Jana nilikwenda Mugutha kwa Robai.

Ndiyo, dada ya baba yako. Yule aliyeulaani mguu wangu kwa kuwa nilikataa kumpa kaka yake firigisi ya kuku, kipande cha mwanamume mwenye nyumba, siku ile uliposhinda mtihani nikaiweka kwenye sahani yako, wewe mtoto wa kike, mbele ya wanaume wa kwao wote. Miaka kumi na mmoja sijakanyaga nyumbani kwake. Nilimkuta anachambua mboga. Hakuinuka. Akaniangalia mguu kwanza, uso baadaye.

"Mulamwa," akasema, kwa sababu hata ukimchukia shemeji yako Kibukusu kinakulazimisha umheshimu, "leo jua limetokea wapi?"

Nikamwambia wanakata mguu Jumatatu. Akaendelea kuchambua. Akasema iko mtu hapo karibu na reli anatibu vidonda kwa maombi na mafuta, na mwanamke wa mguu mmoja atawafukuza kuku na nini. Nikamwambia kuku wangu hawafukuzwi, huitwa, hiyo ndiyo tofauti ya kuku wangu na wanaume wa kwao. Akacheka. Robai akicheka bega moja hupanda. Nilikuwa nimesahau.

Kisha nikasema. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, mazuri, ya heshima ya kutosha na dharau ya kutosha. Yote yakapotea. Nikasema, "Sina mtu wa kukaa na mimi. Nakuomba."

Nasimiyu, sijawahi kumuomba mtu. Mungu mwenyewe huwa namwarifu. Aliweka chini mboga. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwake kama mtu aliyekuja kuuza sabuni. Akauliza, "Uji wako unaweka sukari ama huweki?"

Nikamwambia siweki.

"Nitaweka," akasema. "Utakunywa."

Basi nitakunywa. Atanisema usiku na mchana, ataniletea yule mtu wa mafuta mlangoni mwa wodi, atamwambia kila muuguzi habari ya firigisi. Lakini atakuwa pale Jumatatu, atakuwa pale Jumanne, na jina lake nimeliandika kwenye ile fomu kwa mkono wangu. Nimekaa miaka kumi na tisa nikiwa ukingo mmoja wa kidonda, nikidai nitajifunga peke yangu. Nilisahau uliyoniambia, kwamba lazima kuwe na upande wa pili wa kukutana nao.

Huko unakokwenda utaangalia hao watembezi wako kwenye vioo vikubwa vya kukuzia, na watu watakuuliza ulianzia wapi. Usiwaambie habari za mama mgonjwa, nitaudhika. Waambie ulianzia kwenye mashine bora ya vifaranga kati ya Thika na Matuu, kisha uulize swali lako. Ukikosea, sema mapema, mbele ya walewale uliojisifu mbele yao. Inauma siku moja. Mimi nilichagua njia nyingine, ya kuuma miaka kumi na tisa.

Na usirudi Jumatatu, wala usinililie kwenye simu. Robai atakupigia nikiamka, na utamshukuru kwa sauti nzuri, utamuita shangazi.

Sasa nimekujibu, na nasikia zipu imenyamaza. Lala. Kesho tunatoka mapema, na usiniambie nibaki garini. Nitakusindikiza kwa miguu yangu miwili mpaka pale wanapowazuia wasio na tiketi, na hapo nitasimama, juu ya yote miwili, mpaka usionekane tena.

Mama yako,
Nekesa